Ngiri Alivyoitaka Nafasi ya Nguchiro

Mmekaa?
Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo?
Yapo kichwani.
Basi yafungueni, Ngiri anapita.

Alikuwepo Ngiri, mwenye shingo nene kama gogo na meno mawili yaliyojikunja kama mundu. Ngiri huyu kila alichokiona alikitaka. Akimkuta Kanga anapika, humuuliza, "Chungu cha nani hicho?"

"Changu, Bwana Ngiri."

"Kilikuwa chako." Huyoo, kakibeba.

Akimkuta Pimbi kajilaza, humuuliza, "Mkeka wa nani huo?"

"Wangu, Bwana Ngiri."

"Ulikuwa wako." Huyoo, kaubeba. Nani ambishie, na meno yale?

Shimo lake likajaa vyungu, mikeka, vigoda, nyungo na mitungi iliyovunjika shingo, mpaka mwenyewe akawa analala mlangoni, kichwa ndani, makalio nje.

Jirani yake alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba kama mwiko. Shimoni kwa Nguchiro mlikuwa na kibuyu kimoja cha maji, basi. Alikuwa na ngoma, lakini nayo ilishahamia kwa Ngiri.

Sasa Ngiri, na mali yote ile, alikuwa hatulii roho. Kila jioni wageni walikwenda kwa Nguchiro. Walikaa chini, wakanyoosha miguu, wakapiga makofi, pa pa pa, wakacheka. Kwake hakuja mtu hata kuomba moto. Ngiri alikaa akifuta vyungu vumbi, macho kwa jirani, roho inamchoma.

Siku moja Simba akanguruma bondeni. Nguchiro, chupu, ndani. Ngiri akarudi kinyumenyume aingie kwake. Kwaa, mtungi. Akajaribu upande wa pili. Kwaa, kigoda. Simba akamfikia, akamchana paja. Ngiri akaponea kwenye kichaka cha miiba, akajikunyata humo mpaka Simba alipokwenda zake. Alipotoka, damu inamtiririka, akamsikia Nguchiro anaimba.

Kidonda hakikumuuma kama wimbo ule.

Akaenda akichechemea. "Nguchiro, umeficha nini humu?"

"Sijaficha kitu, Bwana Ngiri. Karibu utazame."

Ngiri akaingia, akanusa kila pembe, asione kitu. Wivu ukazidi. Kitu kisichoonekana, akawaza, lazima kiwe kizuri kuliko vyote. "Usinidanganye. Kila anayeingia humu anatoka anacheka. Una nini?"

Nguchiro akayatazama yale meno. Akaikumbuka ngoma yake.

"Nina nafasi," akanong'ona.

"Ilikuwa yako," Ngiri akasema.

"Sawa, bwana. Nitakuletea mwenyewe. Ila ina maringo. Haikai na vitu vya watu."

Wakaongozana mpaka kwa Ngiri. Nguchiro akakaa mlangoni, Ngiri akatoa vyungu vyote. "Imeingia?"

Nguchiro akachungulia. "Imeingiza ukucha."

Akatoa mikeka. "Imeingia?"

"Imeingiza mguu. Aa, imeona ungo, imerudi."

Akatoa nyungo, akatoa vigoda, akatoa mitungi, jasho tiriri tiriri. "Imeingia?"

"Imefika kiunoni."

Huku nyuma Kanga alikuwa amekuja, akachukua chungu chake. Pimbi akachukua mkeka wake. Ngiri aliwaona kwa pembe ya jicho, akataka kugeuka.

"Usigeuke," Nguchiro akamwambia, "inatoka."

Ngiri akameza mate. Chungu alikipenda, lakini kitu cha Nguchiro alikipenda zaidi. Mwisho ikabaki ngoma. Akaikumbatia. "Na hii?"

"Ukitaka, ibaki. Nafasi nitarudi nayo kwangu."

Ngiri akaisukuma nje, du du du, ikabingirika. Nguchiro akaidaka.

"Sasa imeingia yote, bwana."

Ngiri akarudi kinyumenyume, taratibu, akaenea. Akajinyoosha miguu yote minne. Akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia, akatabasamu peke yake gizani.

Jioni ngoma ikalia kwa Nguchiro, ti ndi, ti ndi. Vicheko vikafuata. Pimbi akaja mpaka mlangoni kwa Ngiri, akasimama mbali kidogo. "Nguchiro anasema njoo ukae na sisi. Nafasi ipo."

Ngiri akakaza masikio. Ipo? Akageuka kulitazama shimo lake, akatazama kwa jirani walikojaa watu wote wale. Kumbe amepewa nusu. Ile kubwa mwenyewe kabaki nayo.

"Siji," akasema. "Nina kazi."

Akapiga magoti, akaanza kuchimba aongeze ya kwake. Akachimba mpaka magoti yakaota sugu. Hata leo ukimkuta ngiri, utamkuta kapiga magoti, pua kwenye udongo.

Nanyi wanangu, funzo, akiulizwa Ngiri, ni hili: ukipora, pora mpaka nyumba ijae, usije ukabaki na nafasi ikakupa kazi ya kuchimba.

Hadithi nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, haina uzito.