Mtoto wa Nyumba Mbili Huhesabiwa Mara Moja

Mtoto wa nyumba mbili huhesabiwa mara moja. Mmeisikia, mkatazamana, mkaja kuniuliza ni mtoto gani huyo. Haya, kaeni, na anayetaka kuchezea simu aende nje. Methali hii ilianza hivi, nyumbani kwa Bi Mwanakombo wa Muheza, wala si zamani kama mnavyodhani. Kompyuta zilikwishafika.

Bi Mwanakombo alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mkubwa, Mhando, alifanya kazi Dodoma. Mdogo, Salima, alikuwa na duka Tanga mjini. Wa kati, Mwanahamisi, alibaki na mama. Kila mwezi Mhando na Salima walituma benki fedha za matunzo ya mama, kwenye akaunti aliyoishika Mwanahamisi. Naye alizihamishia kidogo kidogo kwenye simu, na kwa simu akalipa dawa, maji, mkaa na fundi wa paa. Yote aliyaandika katika programu ya hesabu za nyumbani, kwenye kompyuta yake kuukuu. Mwanamke yule alipenda hesabu, jamani! Wenzake wakipumzika kwa kusuka ukili, yeye alipumzika kwa kupanga matumizi.

Basi programu ile ikazeeka, ikaanza kusuasua, na walioitengeneza wakatangaza kwamba hawataihudumia tena. Mwanahamisi akatafuta nyingine mpya, ya kwenye simu. Akatoa kumbukumbu zake zote katika ile ya zamani, za benki peke yake na za simu peke yake, akaziingiza katika mpya. Zikaingia za miaka yote bila tatizo. Akapiga kigelegele chumbani. Na kwa furaha hiyo, bila hata kutazama vizuri, akatuma muhtasari kwenye kundi la familia: "Jamani, tumehamia kwenye mambo ya kisasa! Oneni hesabu za mama."

Wakaziona. Loo! Mapato yalikuwa karibu mara mbili ya fedha walizotuma, na matumizi nayo vilevile.

Mhando akapiga simu papo hapo. Ni mtu mwema yule, ila hasira zake ni moto wa kifuu. "Mwanahamisi, mama anakula nini huko, dhahabu? Na hizo fedha za ziada umezitoa wapi? Unamwombea mama kwa watu?"

Mwanahamisi akababaika. Alizitazama hesabu, asizielewe. Na mshika mfuko asiyeelewa hesabu zake mwenyewe huonekana ana la kuficha.

"Ijumaa nakuja," Mhando akasema. "Namchukua mama akakae kwangu."

Hapo Mwanahamisi alilia. Kuitwa mwizi na ndugu yako kunauma, lakini kumwona mama anang'olewa katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kuliuma zaidi. Bi Mwanakombo alisema waziwazi kuwa hahami. Lakini mchangaji mkubwa alikuwa Mhando, na bila yeye nyumba isingekwenda.

Ijumaa ikafika, wakakusanyika wote. Sasa, kwa Bi Mwanakombo neno zito halizungumzwi kabla watu hawajala, na wali wa watoto haupakuliwi mpaka kila mwenye watoto aulizwe idadi.

"Salima, wako wangapi?"

"Watatu, mama."

"Na wa hapa kwetu, Mwanahamisi?"

"Wawili. Wangu na Fatu."

Fatu alizaliwa na Salima, lakini bibi yake na Mwanahamisi ndio waliomlea tangu alipoachishwa ziwa. Sahani tano zikapakuliwa. Watoto wakakaa, wakala, na sahani moja ikabaki inafuka moshi bila mwenyewe.

"Nani hajala?" Mhando akauliza.

Bi Mwanakombo akacheka. "Wote wanakula. Mmenihesabia Fatu huku na huku. Salima kamtaja kwa kumzaa, Mwanahamisi kamtaja kwa kumlea. Mtoto wa nyumba mbili huhesabiwa mara moja, wanangu, la sivyo wali unabaki."

Mwanahamisi akaacha tonge. "Mama! Umesemaje?"

Hakungoja jibu. Alikwishanawa, simu mkononi. "Kaka, njoo uone! Hapa benki fedha zimetoka, programu imeandika matumizi. Tazama na hapa kwenye simu, siku ileile, kiasi kilekile, zimeingia, imeandika mapato. Ni hizohizo! Nilizitoa mfuko huu nikazitia mfuko huu. Programu ya zamani ilijua zimehama tu. Hii mpya nimeiletea kila mfuko peke yake, ikamhesabu Fatu kwa Salima, ikamhesabu na kwangu."

"Maneno matamu," Mhando akasema. "Nionyeshe."

Akamwonyesha. Alichukua fedha zilizotoka benki na zile zilizoingia kwenye simu, akaziunganisha, akaandika ni uhamisho. Jumla zikashuka, za mapato na za matumizi pamoja. Akaunganisha nyingine, zikashuka tena. Mhando alianza akiwa amesimama, mikono kifuani. Baadaye akaketi. Baadaye akavaa miwani, na mara akawa yeye ndiye anayezitafuta: "Na hizi hapa, dada! Na hizi!" Mwisho mapato yakawa sawasawa na michango yao, na matumizi yakabaki dawa, maji, mkaa na paa.

"Na salio?" akauliza, sauti imelegea.

"Salio halijatikisika tangu mwanzo, kaka. Ndilo lililoko benki na kwenye simu, hakuna pungufu. Ningeiba, lisingelingana."

Mhando akavua miwani. "Dada, nimekukosea. Nisamehe." Alilisema mbele ya wote, na watoto wakisikia.

Salima akapiga vigelegele, majirani wakaitikia bila hata kujua kulikoni. Mwanahamisi alicheka huku machozi yakimtoka, safari hii ya raha.

"Na ile safari ya Dodoma?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Hakuna safari, mama."

"Kwani ilikuwepo? Mimi sikufunga hata kanga."

Aliishi katika nyumba yake mpaka Mungu alipomchukua, na Mwanahamisi ndiye aliyeshika mfuko, wala hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Siku hizi katika ukoo ule, mtu akiletewa jumla iliyonona kupita kiasi, huuliza kwanza fedha zimetoka wapi zikaenda wapi, kabla ya kuuliza nani kaiba. Na jina la mtu likishaitwa la mwizi, wanangu, hakuna programu ya kulisafisha. Mtoto wa nyumba mbili huhesabiwa mara moja.