Vipimo Viwili vya Nyarko

Katika soko la Waakani wa Afrika Magharibi, tajiri Nyarko alikuwa na vipimo viwili vya shaba vya pembe nne, vyenye michoro ileile. Kizito alinunulia unga wa dhahabu, chepesi aliuzia.

Bibi Afriyie alikuja akajitupa kwenye mkeka wa Nyarko, penye vipimo. "Nauza dhahabu."

Nyarko akaweka kile kizito mizanini. "Haijatimia, bibi."

"Basi siuzi. Nipe dhahabu yako kipimo kimoja, uchukue kitambaa hiki."

Nyarko akapapasa mkeka mzima asione kitu.

"Unatafuta nini, mwanangu? Kipimo si hicho hapo, watu wote wanakiona?"

Nyarko akapima kwa kizito, jasho likimtiririka.

Afriyie akainuka taratibu, akajikung'uta, akaenda zake. Pale alipokuwa ameketi, kipimo chepesi kilikuwa kimelala, kingali na joto.