Nyonga ya Pili ya Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na dimbwi.

Likajaa maji?

Likajaa Kiboko. Maji yalibaki pembeni, na wenye kiu wakabaki pembeni zaidi. Wewe unayesinzia huko nyuma, sogea karibu. Ngano hii haichekeshi sana, na sitaki niimalize peke yangu.

Basi hapo kale, mwaka wa pili bila mvua, nyika nzima ilibakiwa na dimbwi moja, na ndani yake alilala Kiboko. Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni amelala. Alikuwa na nyonga mbovu. Akisimama nchi kavu nyonga inalia ko-kwe, ko-kwe, na yeye analia kuishinda. Lakini maji yakimbeba, maumivu yanapoa. Kwa hiyo alipiga marufuku mnyama yeyote kunywa. Kila funda mnalokunywa linapunguza maji, alisema, na maji yakipungua uzito wangu unanirudia. Digidigi aliomba funda moja, akang'atwa. Ngiri hakuomba, aliinama kimyakimya, naye akang'atwa. Waliobaki walikaa mbali wakitazama maji kwa macho makavu.

Nyonga yenyewe haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ile ya kuzaliwa nayo ilikwisha kwa uzito, na Mzee Nungunungu, fundi wa mifupa, akamtengenezea nyingine. Si mnajua nungunungu hukusanya mifupa shimoni mwake? Huyu aliifanyia kazi. Alimwekea Kiboko kigingi cha mfupa wa pofu, yule swala mkubwa, akakishika kwa gundi ya mgunga, akamwambia akae nchi kavu siku tatu gundi ikauke. Kiboko aliingia majini siku ile ile. Gundi ikaachia, kigingi kikaanza kucheza, na Kiboko akamwita fundi aje aone kazi yake. Fundi alipoinama kutazama, Kiboko alimkalia. Haukupatikana hata mwiba mmoja wa kuzika.

Mzee aliacha binti, naye ndiye Nungunungu wa ngano hii. Binti alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Sindano. Kila alfajiri Sindano alilamba umande kwenye mawe. Umande nao ukaisha. Asubuhi moja mtoto hakuamka kwenda kulamba chochote. Mama yake alimtikisa, akafungua jicho moja, akalifumba tena. Nungunungu akajua amebakiwa na siku moja, labda mbili. Akachukua mkoba wa kazi wa baba yake, akashuka dimbwini, miiba yake ikilia chaka-chaka, chaka-chaka, kwa woga.

Njiani alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alimjua Kiboko tangu utotoni. Mwambie shamba moja linatosha, atakula mawili. Mwambie mawili ni mengi, atakula matatu na ua.

"Bwana Mkubwa," alisema, akiwa mbali kidogo, "nimekuja kuibadilisha ile ya baba."

Kiboko aliinua masikio juu ya maji, akamtazama kwa muda. Kisha akamwuliza safari hii ameleta ya namna gani, maana ile ya gundi anaijua.

Nungunungu alitandaza vitu vitatu juu ya jiwe.

Cha kwanza kilikuwa kigingi kifupi cha mfupa na kibuyu cha gundi. Hiki, alieleza, kinashika upesi, nacho kinafaa mfupa uliozeeka. Lakini gundi haipendi uzito mkubwa, na ikilegea, kuikwangua kunaondoa mfupa mzuri pamoja nayo. Paja lako, Bwana Mkubwa, limekwisha kukwanguka vya kutosha. Masharti yake ni siku tatu bila maji.

Cha pili kilikuwa kigingi kirefu cha mpingo, chenye mifereji toka juu hadi chini. Hiki hakitaki gundi. Kinapita penye mfupa mbovu, kinashuka mpaka penye mfupa mzima, na huko mfupa unaota ndani ya mifereji na kukikamata. Ubaya wake, kinapigiliwa kwa nyundo, na fundi mwenye haraka anaweza kupasua paja. Masharti yake ni siku nne bila kusimama wala kuloa.

Cha tatu kilikuwa kikombe ndani ya kikombe, vyote vya pembe ya nyati. Kichwa cha paja kinazunguka katika kile kidogo, na kile kidogo kinazunguka katika kile kikubwa. Kinamfaa ambaye nyama za nyonga zimelegea, kwa sababu hakichomoki ovyo. Ila vikombe viwili vinasagana, na vumbi lake baada ya miaka linakula mfupa. Masharti yake ni siku tano kwenye jua, umelala ubavu.

"Kipi bora?" Kiboko aliuliza.

"Kwa paja lako, cha pili na cha tatu. Na gundi kidogo ya kushikia kikombe." Nungunungu alishusha sauti, akaanza kufunga mkoba kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia. "Vyote vinakauka kwa pamoja. Siku tano zinatosha kabisa, Bwana Mkubwa. Huna haja ya zaidi."

Kiboko akatoka majini hadi kifuani, ko-kwe, ko-kwe.

"Unanipunja," alisema. "Tatu, na nne, na tano. Kila kimoja na siku zake kamili. Mimi si wa kupewa nusunusu."

"Zitakuwa kumi na mbili, Bwana Mkubwa. Ni nyingi mno."

"Hizo hizo."

Nungunungu aliinamisha kichwa ili asionekane uso. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi baadaye.

Kazi ilifanyika kwenye ukingo mkavu. Kiboko alitafuna majani ya kulevya mpaka ulimi ukamlegea. Nungunungu alifungua nyonga, akakikwangua kigingi cha baba yake kikatoka, akasafisha gundi iliyooza. Hapo angeweza kuharibu. Gonga moja la hasira, paja lipasuke, na mzee awe amelipiziwa kisasi. Mkono haukukubali. Ulikuwa mkono wa fundi, na fundi mwenyewe alikuwa ameufundisha. Gong', gong', gong', polepole, kigingi kikashuka mpaka kikafika penye mfupa mzima. Akaweka vikombe. Akashona kwa miiba yake mwenyewe.

Kisha akaenda kumbeba Sindano, akamlaza mdomo majini. Mtoto alikunywa hadi akafungua macho yote mawili.

Wengine nao wakaja, kwa woga kwanza, halafu kwa kusukumana. Kiboko aliwatazama toka pale alipolala ubavu, asiweze kuinuka. Alisema atawahesabu, na atakapopona kila mmoja atajibu. Akahesabu kwa sauti. Kanga kumi na saba. Pundamilia tisa. Kima, wamepita mara mbili. Siku ya tano alihesabu. Siku ya saba alihesabu kwa sauti ya kukwaruza. Siku ya tisa aliacha.

Ngozi ya kiboko haikuumbiwa jua. Ilianza kung'aa, ikapauka, ikapasuka pasuka mgongoni, na inzi wakaingia kwenye nyufa. Sindano, aliyekuwa amepata nguvu za kucheza, aliuliza mbona hawammwagii hata maji kidogo. Mama yake akamvuta kando. Alimwonea Kiboko huruma, tena si kidogo, na alijichukia kwa hilo kama alivyojichukia kwa zile siku kumi na mbili.

Siku ya kumi alichota maji kwa jani, akapanda nayo ukingoni.

"Bado siku mbili," Kiboko alisema, midomo imegandamana. "Usiniharibie. Ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe, niliingia majini siku ile ile." Inzi walimtembea jichoni. "Baba yako nilimkalia bure."

Nungunungu alisimama na lile jani. Mdomo ulifunguka kumkumbusha kwamba siku tano zilikuwa zinatosha, kwamba alipona zamani, ainuke tu. Akageuka akamwona Sindano pale chini, pua imelowa, na dimbwi lililobaki kina cha goti. Akafunga mdomo. Yale maji akayanywa mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili Kiboko alisimama. Wanyama walikimbia. Akapiga hatua moja, akasikiliza. Akapiga nyingine. Hapakuwa na ko-kwe. Alimtazama Nungunungu akamwambia haiumi, haiumi hata kidogo, na alisema hivyo kwa furaha ya kweli. Kisha akashuka dimbwini, akakuta matope yenye nyayo.

Akaondoka kuelekea mtoni, nje ya nyika, mwendo wa siku mbili. Kwa muda walisikia hatua zake, pu, pu, pu, pu, zote sawa, hakuna inayochechemea. Halafu hawakuzisikia tena.

Mvua zilipokuja, Nungunungu alishika njia ile ya mtoni na mkoba wake. Hakufika mbali, akakuta mifupa ya Kiboko, imeoshwa ikawa myeupe. Akashika kile kigingi cha mpingo ili akirudishe nyumbani, kwa kuwa mpingo mzuri haupatikani kila siku. Akavuta. Akakanyaga paja kwa miguu miwili, akavuta tena. Mfupa ulikuwa umeota ndani ya kila mfereji. Kazi ile ilishinda ya baba yake, na hakuwa na wa kumwonyesha. Akakaa pale kwenye mvua mpaka Sindano akaja kumwita.

Hapo nimefika, na mimi sina mguu wa kwenda mbele zaidi. Aliyekunywa amekunywa, aliyekauka amekauka. Funzo lenu ni hili, wanangu, lishikeni vizuri: mgonjwa amsikilize fundi wake, afuate masharti yote, asipunguze hata siku moja. Kiboko aliyafuata, na nyonga yake mpaka leo haijalegea.