Joka Lenye Sahihi

Mwanasiti wa Mombasa alikuwa na kadi moja tu ya thamani: joka la mchezo wa kadi za wachawi, lenye sahihi ya mchoraji wake. Jioni moja, kwenye ukumbi wa mchezo huo, tajiri Nahdi, mwenye makabati tele ya kadi kama hizo, aliomba aitazame, kisha akaitia mfukoni.

"Sasa ni yangu. Utanifanya nini?"

"Sina la kukufanya, Bwana," Mwanasiti akajibu mbele ya wachezaji wote. "Ila ukiulizwa, usinitaje. Hiyo sahihi niliighushi mwenyewe."

Wachezaji wakaangua kicheko. Nahdi akamtupia kadi yake. "Chukua takataka yako!"

Mwanasiti alipotoka nje, shoga yake akamnong'oneza, "Kumbe unajua kughushi!"

"Mie? Hata jina langu naliandika kwa taabu. Mchoraji aliitia mwenyewe, nikimwona."