Mlalamikaji wa Nyuma ya Mapazia Mawili

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walisikiliza kesi ili wapate usingizi, mji wa Kimbwera ulitawaliwa na Sultani Mwinyi Hatimu. Binti yake, Bi Mwanashaha, aliposhika mimba, Sultani akamwandikia mjukuu hati mbele ya kadhi, kwamba jumba jipya na chemchemi ya mji ni mali yake. Jumba likataka chokaa, chokaa ikataka moto, basi ikaamriwa msitu wote wa mlimani ukatwe kuni za tanuri.

Aliyeumia ni Shaame, mchukuzi wa maji, fukara asiye na kanzu ya pili. Alijua msitu ukiondoka mvua nayo itakwenda zake, na chemchemi itakauka. Akaenda barazani kushitaki. Alipoulizwa anasema kwa niaba ya nani, akajibu kuwa ni ya watakaozaliwa, maana ndio watakaolikuta jua kali na mtungi mtupu.

Baraza likaangua kicheko. Sultani akasema, "Sheria yetu yataka mlalamikaji awemo barazani. Kesho mlete mmoja. Ukimkosa, wewe ndiwe utakayeshika shoka la kwanza."

Shaame akaondoka roho mkononi. Kesho yake akaja peke yake. Bi Mwanashaha naye alikuwapo, nyuma ya pazia, kama desturi ya mabinti wa kifalme, ambao kadhi huwasikiliza bila kuwaona, wakili akiwasemea.

"Yu wapi mtu wako?" akauliza Sultani.

"Yumo humu, Seyyid yangu, ila ametawa. Yu nyuma ya mapazia mawili: la kwanza kitambaa, la pili mamaye. Mimi ni wakili wake. Anayo hati ya chemchemi, na yuko mtu ataka kumkaushia."

Kadhi, aliyeheshimu karatasi kuliko watu, akaisoma hati mara mbili. "Aliyeweza kumiliki aweza kudai," akasema. "Mshitakiwa ni nani?"

Shaame akatazama vidole vya miguu yake. Baraza zima likamtazama Sultani. Nyuma ya pazia Bi Mwanashaha akacheka, akasema mtoto amempiga teke, huenda ndicho kiapo chake.

Basi Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru mashoka yarudi ghalani, na Shaame akawa wakili wa wasiozaliwa kwa hati yenye muhuri. Miezi miwili baadaye mjukuu akazaliwa, akaogeshwa kwa maji ya chemchemi ile, aliyoyabeba wakili wake mwenyewe mtungini. Mlalamikaji akamtazama, akamlilia kwa hasira, akalala.