Nyumba ya Mlango Mmoja

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakienda shule na kubeba madaftari kama ninyi, palikuwa na darasa moja chini ya majabali, na mwalimu wake alikuwa Fisi. Msicheke. Najua mnajiuliza ni nani aliyemkabidhi Fisi watoto wa wenzake. Wazazi wenyewe ndio waliomkabidhi, kwa sababu alivaa miwani na aliongea taratibu, na wazazi humwamini sana mtu anayeongea taratibu.

Kila Ijumaa darasa lilifanya mazoezi ya mdahalo. Wawili walisimama mbele, mmoja akitetea mada na mwingine akiipinga, kisha wenzao wakapiga kura. Mada alizichagua Fisi, na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja: kila hoja iwe na mfano kutoka nyumbani kwa msemaji.

"Hoja isiyo na mfano ni ngoma isiyo na ngozi," alikuwa akisema. "Nani ataisikia?"

Watoto walilishika sharti hilo kwa mikono miwili. Digidigi aliposimama kutetea kwamba kulala mchana ni bora kuliko kulala usiku, alieleza jinsi wao wanavyojilaza adhuhuri nyuma ya mgunga ulioanguka, na jinsi baba yake anavyokoroma hata asisikie nzi puani. Darasa likaangua kicheko, likampa ushindi. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Fisi alisema, kwa sauti ya msiba, kwamba familia hiyo imehama kutafuta malisho.

Ijumaa iliyofuata mada ilikuwa kiota cha chini na kiota cha juu. Kanga alitetea cha chini. Alitaja kichaka, akataja na hesabu ya mayai ya mama yake, na aliyempigia makofi kuliko wote alikuwa Pimbi, maana Kanga alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Jumatatu Pimbi alikaa peke yake.

Pimbi mnamjua, ukimtazama haraka utadhani panya mnene aliyepoteza mkia. Lakini alikuwa na macho. Siku hiyo alitumwa kupeleka chaki mezani kwa mwalimu, akakuta daftari la alama za mdahalo limeachwa wazi. Hapakuwa na alama hata moja. Palikuwa na mchoro wa mgunga ulioanguka, na mshale ukielekea nyuma yake. Palikuwa na kichaka, na chini yake maneno haya: kanga watatu, mayai tisa. Michoro yote miwili ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, kama mtu anavyokata kazi aliyokwisha kuimaliza.

Aibu ilimchoma kuliko hofu, kwa sababu makofi yake yeye ndiyo yaliyomtia Kanga hamu ya kusema zaidi.

Alimweleza mama yake. Mama, aliyekuwa akinyonyesha wadogo zake wanne, alimkanya asiwasingizie watu wazima. Alimweleza Kindi. Kindi hakumkanya, alivitazama viti viwili vitupu, mkia ukamsimama.

Alhamisi Fisi akatangaza mada: nyumba ya mlango mmoja ni bora kuliko nyumba ya milango miwili. Atakayetetea ni Pimbi, atakayepinga ni Kindi. Pimbi aliwawaza wale wanne wanaonyonya, akajua zamu ya nani imefika.

"Kesho ushindwe," alimwambia Kindi walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Nishindwe? Mimi tangu lini nimeshindwa?"

"Digidigi naye hakushindwa. Wala Kanga."

Walipofika njia panda, Kindi aliitikia kwa kichwa.

Ijumaa Kindi ndiye aliyeanza. Alijikuna, akababaika, akasema kwao kuna milango mingi ila mti wenyewe amesahau ni upi. Darasa lilimzomea, na mwenzenu akavumilia, ingawa machozi yalimlenga. Fisi aliweka penseli chini, amenuna.

Kisha Pimbi akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ambaye ni mwalimu wangu, na wanadarasa wenzangu. Natetea mlango mmoja. Kwetu, upande wa mashariki wa majabali, pana ufa mwembamba chini ya mkuyu. Unaingia kwa kujibana, na huwezi kugeuka mpaka ufike ndani kabisa. Huko ndiko tunakolala sote jua likiwa utosini, wakubwa kwa wachanga. Mlango wa nyuma hatuna. Anayeingia kwetu hana pa kutokea."

Penseli ilikuwa imeokotwa zamani. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Umesema wa nyuma hakuna?" Fisi aliuliza kwa upole.

"Hakuna, mwalimu."

"Mfano mzuri sana."

Mikono ikainuka, Pimbi akashinda. Fisi aliwaruhusu watoto mapema, akisema tumbo linamsumbua, na kwa hilo hakuwa mwongo.

Sasa lazima niwaambie. Katika ufa ule hajawahi kulala pimbi hata mmoja. Humo anakaa Chatu, na mama wa kipimbi humfundisha mwanawe kuukwepa ufa huo kabla hajamfundisha kula majani. Fisi hakuwa mzaliwa wa majabalini. Alijua tu alichoandika.

Adhuhuri Pimbi alilala kifudifudi juu ya jabali, akamwona mwalimu wake akija bila miwani. Alinusa, akaramba midomo. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akajibana mpaka mkia nao ukapotea. Kikasikika kicheko, mara moja tu. Kisha puu, kishindo kizito, na mchakacho wa kitu kinachojikunja ndani ya mwamba. Kisha kah, kah, mifupa.

Pimbi alikuwa amekusudia kuziba masikio, lakini hakuyaziba. Alidhani atafurahi. Badala yake alitapika pale pale juu ya jabali, halafu akamlilia rafiki yake Kanga, maana tangu apotee alikuwa hajamlilia.

Ijumaa nyingine watoto walikuja wenyewe. Mezani walikuta miwani na daftari, wakavifukia. Mada waliichagua pamoja, umande na mvua kipi ni bora, na sharti lilikuwa moja: asitaje mtu nyumbani kwake. Mdahalo ulichangamka. Lakini Pimbi, aliyepewa kazi ya kuhesabu kura, alihesabu mara mbili, na mara zote mbili zikapungua kura mbili.

Yangu yamekwisha, wanangu, lenu ni hili: anayekusifu huku akiandika, chungulia kwanza anachoandika.