Gambusi la Marehemu Shaibu

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, ni zamani za vicheza muziki vidogo vya kuning'iniza shingoni, aliishi Tanga mjane aitwaye Bi Kidawa. Mumewe, Shaibu, alikuwa mpiga gambusi, ile ala ya nyuzi kama udi. Alimwachia vitu viwili: gambusi lenyewe, na kicheza muziki chenye wimbo aliomwimbia mkewe siku moja jikoni akaurekodi humo. Wimbo huo haukuwapo mahali pengine popote.

Miaka minne Bi Kidawa aliusikiliza kila alasiri akichambua mchele. Siku moja kikazima, kimya kikaingia nyumbani. Alimtamani mumewe mpaka kifua kikamuuma. Uso aliuona pichani, lakini sauti ilikuwa inamponyoka, na hilo ndilo lililomtisha. Akaweka nadhiri mbele ya majirani: atakayemrudishia sauti ya Shaibu, gambusi ni lake. Na nadhiri, mnajua wenyewe, haivunjwi.

Akaja Sengasu, fundi redio. Akakifungua, akakuta prosesa, ubongo wa kifaa, imeungua. Akatafuta nyingine yenye nguvu zaidi, akaichomea mahali pake. Kikawaka, lakini hakikuimba. Prosesa mpya haikuielewa programu ya zamani.

Akaja Nusura, binti anayeandika programu. Siku tisa aliandika, akafuta, akaandika. Kikaimba. Bi Kidawa akainuka, kisha akaketi tena. Sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka, kama ya mtu anayefukuzwa.

"Huyu si mume wangu," akasema.

Sengasu akailaumu programu. Nusura akailaumu prosesa, kwamba inakimbia mno. Kasi ya kweli hakuna aliyeijua. Walimsikilizisha Bi Kidawa kasi hii na ile, na kwa hamu aliyokuwa nayo, kila moja aliiona karibu ni yenyewe.

Akaja Mzee Bakame, aliyempigia Shaibu ngoma ya dumbaki miaka ishirini. Yeye prosesa hakuijua, wala programu hakuijua. Alifumba macho, akaanza kupiga meza kwa vidole, taratibu. "Shaibu hakuwa mtu wa pupa," akasema. "Nifuateni." Nusura akapunguza kasi, akapunguza tena, mpaka wimbo ukakutana na vidole.

Shaibu akaimba. Katikati ya ubeti akasita, akasema, "Kidawa, chai inamwagika," akacheka, akaendelea. Bi Kidawa alilia mbele yao bila kujificha.

Chozi halijakauka, madai yakaanza.

"Mimi nilikipa ubongo," akasema Sengasu. "Bila ubongo, programu ingekaa wapi?"

"Ubongo wako uliwaka ukanyamaza," akajibu Nusura. "Mimi ndiye niliyekifundisha kuimba."

Mzee Bakame alingoja wamalize. "Ninyi mlirudisha sauti," akasema. "Aliyemrudisha Shaibu ni mimi."

Bi Kidawa akalipakata gambusi, akapitisha kidole kwenye nyuzi alizozizoea mumewe. Moyo haukutaka kulitoa, lakini nadhiri ilikuwa imemfunga.

Haya wenzangu, gambusi liko mapajani na mikono mitatu imenyooshwa. Lau mngekuwa ninyi Bi Kidawa, mngemkabidhi nani?